Punda Mbele ya Hakimu

Katika karne ya 10, mjini Basra, kundi la wanazuoni waliojiita Ikhwan as-Safa liliandika kisa cha kesi ambayo haijapata kusikilizwa katika mahakama yoyote ya wanadamu. Wanyama wa kufugwa, wamechoka na mijeledi na mizigo, wanakwenda kwa mfalme wa majini kuwashtaki binadamu. Mfalme anawaita binadamu waje wajibu. Kila mnyama anapewa nafasi ya kueleza yaliyomfika, na punda ni miongoni mwa wa mwanzo kusimama. Anaeleza namna wanavyobebeshwa mawe, matofali, udongo, mbao na vyuma, na namna wenye mizigo wanavyowaandama kwa fimbo, wakiwapiga usoni na mgongoni kwa ghadhabu. Anamwambia mfalme kwamba lau angewaona katika hali ile, angewahurumia.

Binadamu wanajitetea kwa kila njia. Wanataja uzuri wa maumbile yao, akili zao, ufundi wao, miji yao, na kila hoja wanyama wanaijibu. Mwishowe binadamu wanapewa ushindi kwa sababu moja tu: wao wana maisha ya akhera, na miongoni mwao wamo mawalii. Hukumu hiyo haikufuta ushahidi. Maneno ya punda yalibaki kwenye karatasi, na mtu anayeyasoma leo akiwa Lamu, ambako mawe na mchanga wa ujenzi bado hupita vichochoroni juu ya migongo ya punda, hana haja ya kuelezwa kilichokusudiwa.

Naanza na kesi ya Basra kwa sababu kila afueni ambayo punda amewahi kuipata imekuja kwa njia hiyohiyo. Mnyama hana ulimi wa kushtaki. Hawezi kwenda polisi, hawezi kuonyesha kidonda chake na kumtaja aliyempiga. Akidhulumiwa, kesi yake hufa papo hapo, mpaka mtu atokee aseme: mimi nitamshtakia. Historia ninayoisimulia hapa ni ya watu hao, na ya vipindi virefu ambavyo hawakuwapo.

Punda ni mnyama wetu kuliko wengi wanavyojua. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha punda zaidi ya 200 wa leo na mabaki ya punda wa kale, ulionyesha kwamba punda wote wa kufugwa duniani wana asili moja, na kwamba asili hiyo iko upande huu wa Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Kabla ya farasi kufika bara hili, kabla ya ngamia kuwa chombo cha jangwani, aliyebeba chumvi, nafaka na maji alikuwa punda. Huko Abydos, Misri, wachimbuaji walikuta mifupa ya punda 10 waliozikwa kwa heshima karibu na jengo la maziko la mmoja wa wafalme wa mwanzo, miaka 5,000 iliyopita. Walizikwa kama watumishi wa mfalme. Wataalamu walipoichunguza mifupa ile waliona pingili za uti wa mgongo zimechakaa na kusagika kwa mizigo. Heshima ya kaburi na maumivu ya mgongo vilikuwa pamoja tangu zamani hizo.

Wala haiwezi kusemwa kwamba watu wa kale hawakujua kuwa ni dhambi. Katika Torati, kitabu cha Hesabu, punda wa Balaamu anapigwa mara tatu, kisha Mungu anakifungua kinywa chake naye anamuuliza bwana wake amemkosea nini hata apigwe hivyo. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume Muhammad anampita punda aliyechomwa chapa usoni, na anamlaani aliyemchoma. Inasimuliwa pia kwamba khalifa Umar bin Abdul Aziz, mwanzoni mwa karne ya 8, alipata habari kuwa Misri kuna ngamia wanaobebeshwa ratili 1,000, akamwandikia mtawala wake wa huko kwamba asisikie tena ngamia amebebeshwa zaidi ya ratili 600. Hii ni amri ya serikali juu ya uzito wa mzigo wa mnyama.

Aliyekwenda mbali zaidi ni mwanasheria wa madhehebu ya Shafii, Izzuddin bin Abdussalam, aliyezaliwa Damascus na kufariki Cairo mwaka 1262. Katika kitabu chake cha misingi ya hukumu aliandika haki za wanyama juu ya binadamu kama mtu anavyoandika haki za mke au za jirani. Mnyama atalishwa hata akiwa mzee au mgonjwa asiyefaa tena kwa kazi. Hatabebeshwa asichokiweza. Hatachanganywa na wanyama watakaomuumiza. Atachinjwa kwa upole, wala watoto wake hawatachinjwa mbele ya macho yake. Hatachunwa ngozi kabla mwili haujapoa.

Napenda msomaji ashike jambo hili: Waislamu wa mwambao wetu, kuanzia Mogadishu hadi Kilwa, kwa karne nyingi wamefuata madhehebu haya ya Shafii. Kwa hiyo mtu wa pwani anayemhurumia punda hajaazima adabu ya kigeni. Elimu hiyo imekuwamo katika misikiti na madrasa zake tangu zamani. Palipopungua ni katika njia ya kutoka darasani hadi kwenye mgongo wa mnyama.

Sheria ya aina nyingine, yenye mahakama na faini, ilizaliwa London, na aliyeipigania ni mtu wa Ireland aitwaye Richard Martin, mbunge wa Galway. Alikuwa mwenye mashamba makubwa, mgomvi wa kupigana kwa bastola, na mwenye madeni yasiyokwisha. Rafiki yake Mfalme George wa Nne alimpa jina la utani la Dick wa Utu. Kabla yake, mwaka 1809, Lord Erskine alikuwa amepitisha muswada wa kuwalinda wanyama katika Baraza la Mabwana, ukaja kufia katika Baraza la Makabwela. Martin alipoleta wake mwaka 1821, ilipopendekezwa kwamba punda naye aingizwe, wabunge waliangua kicheko. Ndivyo ilivyokuwa: kumtaja punda katika bunge la mojawapo ya dola kubwa kuliko zote duniani kulitosha kuwavunja watu mbavu. Muswada ulianguka. Mwaka uliofuata akaurudisha, na tarehe 22 Julai 1822 ukawa sheria. Iliwataja farasi, nyumbu, punda, ng'ombe na kondoo, na adhabu yake ilikuwa faini ya kuanzia shilingi 10 hadi pauni 5, au kifungo kisichozidi miezi 3.

Sheria ilipopita, Martin hakurudi kwake kupumzika. Alishuka yeye mwenyewe sokoni Smithfield na katika mitaa ya London, akiwakamata watu kwa mkono wake na kuwapeleka mahakamani. Kisa kilichompa umaarufu zaidi ni cha Bill Burns, mchuuzi wa matunda na mboga aliyeshtakiwa kwa kumpiga punda wake. Inasimuliwa kuwa mahakama haikuonyesha dalili ya kuijali kesi ile, na watu walianza kucheka kama walivyocheka wabunge. Martin akaagiza punda aingizwe. Mnyama akasimamishwa mbele ya hakimu, watu wakaona wenyewe majeraha yake. Burns akatozwa faini. Mchoraji mmoja baadaye alikichora kisa hicho, na katika picha hiyo punda amesimama katikati ya chumba, kati ya mashahidi na makarani, kama mlalamikaji mwingine yeyote.

Tarehe 16 Juni 1824, katika mgahawa mmoja wa kahawa wa London, watu wachache walikutana kuunda chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Aliyewaita ni kasisi Arthur Broome. Mezani alikuwamo Martin, na walikuwamo pia William Wilberforce na Thomas Fowell Buxton, wale walioongoza vita vya bungeni dhidi ya biashara ya watumwa na utumwa wenyewe. Sioni kuwa ni sadfa. Mtu aliyekwisha kuyasikia maumivu ya mtumwa ambaye sheria ilimhesabu kama mali alikuwa amejifunza kuitilia shaka hoja ya wenye mali, kwamba changu ni changu, nitakifanya nipendavyo. Hoja hiyo ndiyo mwenye punda anayoitoa hadi leo akikatazwa kumpiga. Broome alitumbukia katika madeni ya chama akafungwa kwa ajili yake. Martin naye, baada ya kupoteza kiti cha ubunge, alikimbilia Boulogne, Ufaransa, kuwakwepa waliokuwa wakimdai, akafia huko mwaka 1834. Miaka 6 baadaye Malkia Victoria alikipa kile chama jina la kifalme.

Waingereza walipokuja kututawala, walikuja na mawazo ya sheria hiyo mfukoni, lakini vita vyao havikuwa na nafasi kwa mawazo hayo. Katika kampeni ya Afrika Mashariki ya 1914 hadi 1918, majeshi yaliingiza maelfu kwa maelfu ya farasi, nyumbu, ng'ombe na punda katika nchi ya ndorobo, kuanzia chini ya Kilimanjaro hadi bonde la Rufiji. Maofisa walijua wanyama wale wataumwa nagana, ugonjwa wa ndorobo, na kufa baada ya majuma machache. Waliwaingiza hata hivyo, wakawa wanahesabu muda gani mnyama atafanya kazi kabla hajaanguka. Walipokwisha wanyama, mizigo iliwekwa vichwani mwa wapagazi, nao wakafa kwa makumi ya maelfu. Mtu akitaka kujua kama ukatili kwa mnyama na ukatili kwa binadamu ni mambo mawili yasiyohusiana, na azipitie njia zile za vita.

Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ambayo bado ni Sura ya 360, ilitungwa mwaka 1962, ukoloni ukielekea machweo. Inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumpiga mateke, kumzidishia mzigo, kumnyima chakula na maji, kumfanyisha kazi akiwa na kidonda. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Ni sheria nzuri. Lakini katika sheria ya Kenya adhabu iliyowekwa ni faini isiyozidi shilingi 3,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, na hizo shilingi 3,000 zimekuwa zikipungua thamani kila mwaka huku mzigo ukibaki uleule. Tena sheria ya aina hiyo haitembei yenyewe. Inamhitaji Martin wa kushuka sokoni.

Lamu ilimpata wake katika miaka ya 1980. Mji ule wa mawe, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijengwa kabla ya magari, na vichochoro vyake vingi haviruhusu hata mkokoteni. Kila jiwe la matumbawe, kila gunia la saruji, kila boriti ya mkoko inayotoka jahazini hupandishwa mjini na punda au hamali. Mzigo hutiwa katika shogi, lile kapu kubwa la ukili linaloangukia pande mbili za mgongo. Shogi iliyolala vizuri juu ya pedi nene haimdhuru mnyama. Shogi iliyowekwa juu ya gunia moja chakavu husugua. Kwanza manyoya hunyonyoka penye mfupa wa bega. Kisha ngozi hulainika kwa jasho, mchanga wenye chumvi hupenya, na baada ya siku chache kunakuwa na kidonda kinachovuja. Kidonda hicho hufunguka upya kila asubuhi mzigo unapopandishwa. Nzi hufanya yaliyobaki. Na kamba ile inayopita chini ya mkia ili shogi isisogee mbele, ikiwa ni ya nailoni, hukata kama kisu.

Punda akiumia hapigi kelele. Hili ndilo linalomponza. Wataalamu wa wanyama wanasema mnyama anayewindwa na simba hujifunza kuficha udhaifu wake, na punda amerithi tabia hiyo kutoka kwa punda mwitu. Mbwa akiumizwa hulia, na mtu humsikia. Punda husimama tuli, ameinamisha kichwa, masikio yamelala, na mwenye haraka zake hudhani amesimama kwa ukaidi. Ndipo fimbo inapotoka. Tuna methali zinazosema punda haendi bila kigongo, na kwamba shukrani ya punda ni mateke. Nimekulia katika methali hizi na ninazithamini methali zetu, lakini hizi mbili zimemfanyia mnyama huyu ubaya mkubwa. Zimegeuza dalili ya maumivu kuwa aibu ya tabia.

Bi Elisabeth Svendsen, Mwingereza aliyeanzisha hifadhi ya punda huko Devon mwaka 1969, alifika Lamu katikati ya miaka ya 1980 kwa mapumziko, akaona migongo ile. Mwaka 1987 zahanati ya punda ilifunguliwa ufukoni, mahali ambapo mwenye punda angeweza kumleta mnyama wake akatibiwa bila malipo. Kilichofanyika pale kilikuwa cha kawaida kabisa, na ndiyo maana kilifanikiwa. Kidonda kilisafishwa na kupakwa dawa. Kwato zilizorefuka zilikatwa. Dawa ya minyoo ilitolewa kwa punda mmoja baada ya mwingine. Wenye punda walionyeshwa namna ya kushona pedi kwa magunia na matambara. Punda mzee asiyeweza tena kazi alipewa mahali pa kumalizia siku zake, jambo ambalo Izzuddin bin Abdussalam alikuwa ameliandika karne 7 kabla.

Kukaanzishwa pia mashindano ya kila mwaka ya punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote. Watoto wa Lamu waliwaosha punda wao, wakawachana manyoya, wakawapanga mbele ya waamuzi. Hapakuwa na kuhubiriwa. Kijana aliyewahi kusikia tu kwamba punda ni mnyama wa kupigwa sasa alimwona jirani yake akipewa zawadi mbele ya mji mzima kwa sababu mgongo wa punda wake hauna kovu. Ushindani wa namna hiyo watu wa Lamu wanaujua katika mashindano ya mbio za punda wakati wa Maulidi. Fahari ilihamishiwa mahali pengine.

Ukatili haukwisha. Wapo punda waliokula mifuko ya plastiki majaani wakafa kwa tumbo kuziba. Lakini mtu aliyeiona Lamu ya zamani na anayeiona ya sasa anajua kuna tofauti, na tofauti hiyo ililetwa na mikono ya waganga, watoto na wenye punda wenyewe.

Kisha, kutoka upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama, ukaja ukatili wa aina mpya.

China kuna dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Hutengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda mpaka itoe ulimbo, na imetumiwa kwa zaidi ya miaka 2,000, hasa na wanawake, kwa ajili ya damu. Zamani ilikuwa ya wachache. Nchi ilipotajirika, ikawa ya mamilioni, ikatiwa katika vitafunio na vipodozi. Punda wa China, waliokuwa takriban milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipungua mpaka wakabaki chini ya milioni 3. Wafanyabiashara wakaanza kutafuta kwingine, na kwingine kulikokuwa na punda wengi kuliko kote ni Afrika, yenye karibu theluthi mbili ya punda milioni 53 wa dunia.

Punda si kuku. Jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo huchukua miaka kadhaa kabla ya kufaa kazi au kuzaa. Hakuna mfugaji anayeweza kuzalisha punda kwa kasi ya kiwanda. Kwa hiyo biashara ya ngozi haikuwa ufugaji. Ilikuwa uvunaji wa kile kilichokuwapo, na kilichokuwapo kilikuwa mali ya mtu: mchota maji wa Mwea, mama wa Kiambu anayepeleka majani ya ng'ombe, kijana wa mkokoteni wa Naivasha.

Kenya iliruhusu. Machinjio manne yalipewa leseni, la kwanza likianza kazi mwaka 2016: Mogotio huko Baringo, Naivasha, Lodwar na Machakos. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilikuja kuhesabu. Kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda 301,977, zaidi ya asilimia 15 ya punda wote wa nchi. Watafiti walionya kwamba kwa mwendo ule punda wa Kenya wangekwisha kufikia 2023. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda milioni 1.8. Ile ya 2019 ilihesabu milioni 1.2 hivi.

Nyuma ya tarakimu kuna usiku. Bei ilipopanda, wizi ukaja. Watu walifunga punda wao jioni, asubuhi wakakuta kamba imekatwa, na vichakani wakakuta mzoga mwekundu uliochunwa, nyama haikuguswa. Wengine walifuata nyayo mpaka karibu na machinjio zikapotea katikati ya nyayo za punda wengine mia. Wanyama waliotoka mbali, wengine wakivushwa mipaka, walisafirishwa wamesongamana katika malori bila maji, wengi wakifika hawawezi kusimama. Jike mwenye mimba alipakiwa pamoja na wengine, kwa sababu kilichotakiwa kilikuwa ngozi, na ngozi haihitaji mnyama awe na afya. Ile haki iliyomo katika orodha ya mwanasheria wa Damascus, kwamba mnyama asichunwe kabla hajapoa, iliwekwa na mtu aliyejua tamaa ya ngozi inavyomfanya binadamu.

Na aliyebaki bila punda aliumia kwa namna ambayo mtu wa mjini huenda asiifikirie. Punda wa mkokoteni hubeba maji ya nyumba kadhaa. Akiibwa, madumu yanarudi mgongoni kwa mama, au kwa binti aliyetakiwa awe darasani. Mkulima mdogo analipa pikipiki kwa kila gunia. Kipato cha familia nzima kilikuwa na miguu minne na kamba moja.

Waliotetea machinjio walikuwa na hoja, na si haki kuzipuuza. Walisema ng'ombe na mbuzi huchinjwa kila siku, kwa nini punda apewe cheo. Walisema kuna ajira kwa mamia ya vijana katika maeneo yenye shida, na fedha za kigeni kwa nchi. Hoja ya ajira ni nzito. Lakini ng'ombe wa nyama hufugwa kwa ajili hiyo, ana mwenyewe aliyemuuza kwa hiari, na kizazi chake hurudishwa. Punda wa ngozi alikuwa chombo cha kazi cha maskini, mara nyingi ameibwa, na akishachinjwa hakuna wa kushika nafasi yake. Ajira iliyojengwa juu ya mali inayokwisha ndani ya miaka 7 ilikuwa ya kuwadanganya vijana wale wenyewe.

Safari hii waliosimama kumshtakia punda walikuwa wenye punda. Vyama vyao kutoka kaunti mbalimbali, wengi wao wanawake, wakisaidiwa na mashirika kama Brooke, ambalo asili yake ni hospitali ya farasi na punda iliyofunguliwa Cairo mwaka 1934, waliandika malalamiko, wakakusanya ushahidi wa wizi, wakaandamana hadi kwenye ofisi za wizara Nairobi. Mwezi Februari 2020, Waziri wa Kilimo Peter Munya alitangaza kupiga marufuku uchinjaji wa punda.

Haikuishia hapo. Mmiliki wa machinjio alikwenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku ile. Kesi ya Basra ilikuwa imehamia Kenya: mnyama na wanaomtegemea upande huu, wenye kunufaika na ngozi yake upande ule, na hakimu katikati. Upande wa ngozi ulishinda kwa hoja za kisheria, kama binadamu walivyoshinda kwa mfalme wa majini.

Nchi nyingine zilikuwa zikipita njia hiyohiyo kila moja peke yake. Niger na Burkina Faso zilichukua hatua mwaka 2016, Botswana na Uganda zikafuata, na Tanzania, iliyokuwa na machinjio Dodoma na Shinyanga, nayo ikafunga. Ila nchi moja ikifunga, malori yalihamia kwa jirani, na punda wa nchi iliyokataza wakavushwa usiku kwenda nchi iliyoruhusu. Ilidhihirika kuwa hakuna serikali inayoweza kumlinda punda wake peke yake.

Desemba 2022, Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa Afrika nzima juu ya punda, chini ya ofisi ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia rasilimali za wanyama. Walikuja mawaziri, madaktari wa mifugo na watafiti. Naomba msomaji akikumbuke kile kicheko cha bunge la 1821. Hapa walikuwa watu wazima wa bara zima, siku mbili, wakimzungumzia punda kama nguzo ya uchumi wa kaya maskini na kama kiumbe chenye haki ya kutoteswa, wala hapakuwa na aliyecheka. Mkutano ulipendekeza uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi usimamishwe Afrika nzima kwa miaka 15.

Mwezi Februari 2024, wakuu wa nchi waliokutana Addis Ababa waliridhia marufuku ya bara zima.

Uamuzi huo hauna askari wake. Kila nchi inatakiwa iuingize katika sheria zake, na nyingine bado hazijafanya hivyo. Ngozi bado zinapita, zikiwa zimetiwa chumvi na kukunjwa ndani ya makontena yenye majina ya bidhaa nyingine. Sheria za ukatili kwa wanyama zinahitaji faini zitakazomuuma mwenye lori, na polisi wa barabarani anayejua kwamba punda 40 waliofungwa miguu usiku wa manane ni kosa la jinai hata kama karatasi za dereva zimekamilika. Bunge la Kenya linaweza kufanya kwa kura moja kile ambacho tangazo la waziri halikuweza, kwa kumtoa punda katika orodha ya wanyama wa kuchinjwa kwa njia ambayo mahakama haitaitengua. Wenye punda wa Naivasha na Limuru wamekuwa wakiliomba hilo tangu zizi lao la kwanza lilipovunjwa.